Soma kwa Sauti Kabla Hujatuma

Maneno haya yalisemwa Jumamosi moja mchana mbele ya vikundi vya kuweka na kukopa, Mbagala, Dar es Salaam. Yameandikwa kwa ajili ya wale waliokosa nafasi ndani wakasikilizia dirishani.

Ndugu Mwenyekiti wa Serikali ya Mtaa, viongozi wa vikundi, akina mama, akina baba: shikamooni mlionizidi umri, japo nikitazama humu ndani naona hamzidi watatu. Na ninyi vijana wa mstari wa nyuma mlioinamia simu, marahaba, najua mmenisalimia moyoni. (Kicheko)

Katibu aliponipigia aliniambia nije niseme juu ya matumizi sahihi ya mitandao. Nikamjibu, mwanangu, mimi si mwanasheria wala si mtu wa kompyuta. Mimi ni fundi mitambo wa redio. Niliingia chumba cha mitambo cha Redio Tanzania, Barabara ya Pugu, mwaka 1982, enzi za kanda zilizokatwa kwa wembe na kuungwa kwa utepe, nikatoka mwaka 2015 kwa kustaafu kwa hiari. Kiinua mgongo kikamalizia vyumba viwili na kufungua kibanda cha miamala pale Rangi Tatu, ambacho wengi wenu mnakijua kwa sababu mnanikopa. Kwa hiyo miaka thelathini na kitu nilikuwa narusha maneno yaende kwa watu. Sasa nakaa dirishani nawapokea watu ambao maneno yameshawafikia. Wanakuja mbio, hela mkononi, wanataka kutuma.

Nianze na dirishani.

Mwezi uliopita alikuja mama mmoja, mteja wangu wa siku zote, anauza mihogo ya kukaanga. Anahema. "Baba, niwekee laki tatu na nusu, naituma sasa hivi." Nikamuuliza, unamtumia nani? "Baba mwenye nyumba, kodi." Nikamwambia, hebu nisomee hiyo meseji, miwani nimeisahau nyumbani. Miwani nilikuwa nimeivaa. (Kicheko) Akaanza kwa sauti: "Ile hela tuma kwenye namba hii, jina litakuja..." Mnacheka, mnaijua, hakuna asiyewahi kuipata humu ndani. Yeye hakucheka. Alisoma mpaka mwisho, akanyamaza, akairudia midomo ikicheza bila sauti, halafu akasema: "Lakini mzee yule hasemi hela. Yeye siku zote husema haki yangu." Akarudisha noti zake kwenye kitenge, akaenda zake hata kuaga akasahau.

Naomba tukae hapo kidogo. Watu wakisimuliwa kisa kama hiki husema anayetapeliwa ni mjinga. Mama yule anapiga hesabu ya mafuta, mihogo na mkaa kichwani kabla kijana hajafungua kikokotoo. Tapeli wala hamjui. Hajui kama amepanga au amejenga. Anachokijua ni jiji hili. Dar es Salaam, mwisho wa mwezi, nani asiyedaiwa? Kuna kodi ya miezi sita mbele, kuna ada Januari, kuna mchango wa harusi ya mtu ambaye hata humkumbuki vizuri, kuna fundi aliyebakiza kupaka rangi na kila siku anapiga. Ukiitupa meseji moja kwa namba elfu kumi, haikosi kumwangukia mtu ambaye dakika kumi zilizopita ameambiwa "subiri nakutumia namba". Kwa mtu huyo ile meseji imekuja kama jibu alilokuwa akilingoja. Ataiuliza nini?

Sasa nirudi nyuma sana, maana mimi ushawishi wa watu wengi kwa mpigo nimeuonja nikiwa mtoto. Mwaka 1973 nilikuwa na miaka kumi na mitatu, kijijini kwetu Kilosa, na ilikuwapo kampeni ya redio ya Mtu ni Afya. Wazee wenzangu mnaikumbuka. Wiki 12. Baba alikuwa katika kikundi cha kusikiliza: watu kama kumi na tano chini ya mwembe, redio moja ya betri, kijitabu, na kiongozi aliyepewa mafunzo. Wanasikiliza kipindi, redio inazimwa kuokoa betri, wanaanza kubishana. Nchi nzima waliokaa katika vikundi kama hivyo walifika karibu milioni 2. Redio ikasema chimbeni vyoo. Jirani yetu mmoja akapinga, akasema shimo la namna ile ni kuwajengea inzi nyumba. Walibishana mpaka giza. Wiki ya tatu yeye ndiye aliyechimba kirefu kuliko wote, kwa kisirani tu, aonyeshe kwamba hata akichimba inzi watakuja. (Kicheko)

Ule ulikuwa ushawishi, tena wa serikali, tena wa nchi nzima. Lakini tulijua nani anasema. Tulijua saa anayosema. Na kijiji kizima kilisikia neno lilelile kwa wakati mmoja, kwa hiyo ukitaka kulipinga, unaye wa kupinga naye.

Nisiwapambie. Novemba ya mwaka uleule ikatangazwa kwamba kuishi katika vijiji sasa ni amri, na redio ndiyo iliyotuletea. Mwaka uliofuata babu yangu akahamishwa kutoka kwenye migomba yake akapelekwa kwenye kiwanja kisicho na mti hata mmoja. Hapo hapakuwa na kikao cha chini ya mwembe. Kwa hiyo mtu akiniambia zamani tulishawishiwa kwa wema na leo tunashawishiwa kwa ubaya, simkubalii. Mdomo uliotufundisha choo ndio uliotuhamisha. Tofauti ilikuwa ni kama kuna nafasi ya kubisha au hakuna.

Nilipoajiriwa nikauona upande wa pili. Mwaka 1993 tukaanza kurusha mchezo wa Twende na Wakati, wa uzazi wa mpango na kujikinga na UKIMWI. Mnamkumbuka Mkwaju, yule dereva wa lori? Watu walimchukia kama jirani yao wa kweli. Ila wasikilizaji wengi hawakujua kwamba mkoa wa Dodoma haukuwa unausikia mchezo huo, na ilikuwa kwa makusudi. Mtambo wa Dodoma ulirusha kitu kingine mpaka 1995, ili watafiti wapate kulinganisha wanaosikia na wasiosikia. Wakalinganisha, wakakuta tofauti, mpaka kwenye idadi ya watu wanaofika zahanati kuulizia uzazi wa mpango. Hapo ndipo nilipojua kwamba maneno yanapimwa kama unga kwenye mizani. Sikupenda, sikuchukia. Nilishangaa tu, kwa sababu nilikuwa nimezoea kupima mawimbi.

Sasa sikilizeni. Lile lilikuwa jaribio la mkoa mmoja, likaandikwa, likajulikana. Januari 2012 kampuni ya Facebook iliwafanyia jaribio watumiaji 689,003 kwa wiki moja. Wengine walipunguziwa habari za furaha, wengine za huzuni, ili ionekane kama nao wataandika kwa furaha au kwa huzuni. Hawakuambiwa. Watu walikuja kujua mwaka 2014 utafiti ulipochapishwa. Na siku hizi programu kubwa za simu hazisubiri watafiti, zinajaribu kila siku: kitufe kiwe chekundu au kijani, video ipi ikufuate ukimaliza hii, tangazo likujie saa ngapi. Kila mmoja wenu humu ni Dodoma, na aliyekaa pembeni yako ni Morogoro, na hakuna anayejua mwenzake anasikilizishwa nini. Mke na mume wamelala kitanda kimoja, wako mikoa miwili. (Kicheko na makofi)

Sheria je? Sheria tunazo, wala si chache. Ninachokiona mimi fundi ni kwamba nyingi ziliandikwa na mtu mwenye redio kichwani. Redio ina mnara. Ukitaka kuidhibiti unaufuata mnara, unamkuta mwenyewe, unampa leseni au unamnyima. Mwaka 2018 zikaja Kanuni za Maudhui ya Mtandaoni, na mwenye blogu akawa kama mwenye kituo: ada ya maombi shilingi 100,000, leseni milioni 1, ada ya mwaka milioni 1 nyingine. Mtoto wa dada yangu alikuwa na blogu ya taarab ya zamani. Anaandika nani alipiga fidla katika wimbo gani, nani alimjibu nani kwa mafumbo. Wasomaji wake nadhani tulikuwa arobaini, na mimi nimo. Aliifunga wiki ileile. Milioni mbili na laki moja, kwa ajili ya kumsifia marehemu mpiga fidla! Wenye intaneti kafe nao wakatakiwa kufunga kamera. Baadaye kanuni ziliandikwa upya mwaka 2020, zikarekebishwa tena na masharti yakalegezwa, na nashukuru. Blogu ya taarab haikurudi. Kijana sasa anauza vioo vya simu Kariakoo.

Kabla ya hapo ilikuwapo Sheria ya Makosa ya Mtandao ya 2015. Kifungu cha 16 kinamhusu anayesambaza habari za uongo akijua ni za uongo: faini isiyopungua milioni 5, au kifungo kisichopungua miaka 3, au vyote viwili. Ni sheria nzito. Lakini uongo unaonifikia mimi hauletwi na mtu mwenye mnara. Unaletwa na shangazi, kwenye kundi la ukoo, saa kumi na moja alfajiri, na maua yamezunguka. Na shangazi anauamini kwa moyo wake wote. Nimpeleke shangazi mahakamani Kisutu?

Halafu tukaja kwenye vidole. Laini zote zisajiliwe kwa alama za vidole na kitambulisho cha taifa, kile cha NIDA, mwisho 31 Desemba 2019, ukasogezwa hadi 20 Januari 2020. Foleni zile mnazikumbuka, watu walitoka nyumbani na viti. Nikajisemea, sasa "ile hela" imekwisha, kila laini ina mwenyewe. Haikwisha. Vidole vya watu viliazimwa bila wenyewe kujua. Kijana amekaa chini ya mwavuli anakusajilia laini, anakuambia, "Mama, kidole hakijasoma, weka tena." Cha kwanza kilisoma vizuri kabisa. Cha pili kimesajili laini ya mtu mwingine. Toeni simu sasa hivi, bonyezeni *106#, fuateni maelekezo, mtaona namba zilizosajiliwa kwa kitambulisho chako. Nangoja. ... Mzee wa koti la bluu anasema anaona namba tatu na yeye ana laini moja. Baba, Jumatatu nenda na kitambulisho chako dukani kwa mtandao wako, zifutwe hizo mbili. Na namba ya tapeli ikikutumia meseji, usiitukane, itume kwenda 15040.

Kuna kanuni nyingine ambazo hazijapita bungeni Dodoma hata siku moja, na zimeingia majumbani kwetu kuliko hizo zote. Januari 2019 WhatsApp iliamua kwamba meseji moja isisambazwe kwa zaidi ya watu au makundi matano kwa mpigo. Aprili 2020, korona imepamba moto, ikaamua ile iliyokwisha kusambazwa sana iende kwa mmoja tu kwa mpigo. Kundi la ukoo wetu lilikuwa linapokea dawa mpya kila saa: tangawizi, vitunguu, kujifukiza, malimao ya moto. Kelele zikapungua, nami nililala. Lakini usingizi ulipokatika nikajiuliza, hawa watu walioko California wanaoweza kupunguza sauti ya ukoo wetu kwa kuzungusha kitufe kimoja, siku wakiona faida iko kwenye kuiongeza, nani atawaambia waache? Fundi mitambo mimi naijua ile raha ya kushika kitufe cha sauti. Si raha ya kumwachia mtu bila kumsimamia.

Niseme kidogo tu la vifurushi. Wengi hapa mnanunua kifurushi cha mitandao ya kijamii peke yake. Kichwa cha habari kinaonekana, ukibonyeza ndani ikupe habari yenyewe, inakataa, salio halitoshi. Basi tunabishana kuhusu vichwa vya habari. Mtaa mzima umesoma vichwa.

Sasa nije kwenye kausha damu, ile mikopo ya haraka inayomkamua mtu, na hapa nitakaa, maana ninyi ni watu wa kukopeshana.

Jirani yangu anakaanga samaki. Mwaka juzi samaki walipanda bei, mtaji ukakatika, na kikundi chake kilikuwa bado wiki tatu kigawane. Simu ikamletea tangazo: mkopo ndani ya dakika tano, bila dhamana. Jiulizeni tangazo lile lilijuaje. Akapakua programu. Ikamwomba ruhusa ya kuona majina yote yaliyomo kwenye simu, akabonyeza kubali, kama wewe na mimi tunavyobonyeza. Aliomba elfu hamsini, ikaingia thelathini na tano, nyingine wakaita gharama. Arudishe hamsini na tano baada ya siku saba. Siku ya nane hakuwa nayo.

Hawakumpigia yeye. Walimwandikia kiongozi wa kwaya. Wakamwandikia mkwewe, mwalimu wa mtoto wake, na mteja aliyenunua changu wawili mara moja tu na namba yake ikabaki. Mimi pia niliipata: fulani ni mdaiwa sugu, amekuandika wewe kuwa mdhamini, mwambie alipe. Na picha yake juu. Mama yule hakwenda kanisani wiki nne. Alihamisha karai lake la samaki mpaka mtaa wa pili, wasiomjua. Deni lilikuwa dogo kuliko bei ya khanga mbili tatu, lakini walioshika deni walikuwa wameshika majina ya watu wote anaowaheshimu duniani. Mkopeshaji wa zamani alijua nyumba yako na kitanda chako. Huyu anajua aibu yako iko kwa nani.

Hapa niitendee haki sheria, maana nisije nikaonekana mlalamishi tu. Tunayo Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, ilianza kutumika tarehe 1 Mei 2023, na ipo Tume yake. Kuchukua majina ya simu ya mtu na kuyageuza fimbo ni jambo la kupelekwa huko. Na Novemba 2024 Benki Kuu ilitoa orodha ya majukwaa na programu 69 za mikopo ya kidijitali zilizokuwa zikifanya kazi bila leseni, ikazipiga marufuku. Nilipiga makofi peke yangu kibandani. Nikamfuata jirani, nikamwambia mama, kuna Tume, kuna barua unaweza kuandika. Akaniangalia. Hakuna aliyewahi kumtumia meseji hiyo. Ile ya mkopo ilimtafuta mpaka ikampata akiwa na karai tupu. Ya haki yake ilikaa ofisini inamsubiri aje.

Lipo na la kuzima intaneti. Mwenyekiti, usinitazame hivyo, nitasema kwa heshima. (Kicheko)

Mei 2024 nyaya za baharini zilikatika, intaneti ikasuasua siku kadhaa, tukalalamika tukasubiri. Bahari haina nia. Mei 2025 mtandao wa X ukafungwa, vijana wakapita kwa VPN, zile programu za kupenyea palipofungwa, ambazo nazo tangu Oktoba 2023 walishaambiwa wazisajili. Kisha tarehe 29 Oktoba 2025, siku ya uchaguzi mkuu, intaneti ikazimwa nchi nzima, na jioni yake hapa Dar ikatangazwa amri ya kutotoka nje. Sitasema mengi juu ya siku zile. Wapo humu ndani waliozika.

Nitasema la ufundi tu. Maneno hayakuzimika. Yalipita vichochoroni kwa miguu, na kila yalipovuka kizingiti yalikuwa yameongezeka, na huna pa kuyahakikishia. Mama mmoja aliambiwa kibanda chake kimechomwa. Akatoka Kijichi kwa miguu mpaka Rangi Tatu, siku ambayo mtu mzima hakupaswa kuwa barabarani, kwenda kukiangalia. Kilikuwa kizima, hata kufuli halikuguswa. Picha moja kwenye simu ingembakisha nyumbani kwake. Waliozima walisema, na wengi tuliwasikia, kwamba uongo ni hatari. Ni kweli ni hatari. Mama yule nusura umuue, na ulimfikia mtandao ukiwa umezimwa.

Basi, Katibu, uliniomba niseme juu ya matumizi sahihi, nami nimezunguka Kilosa, Dodoma na California. Nina ombi moja kwa vikundi. Mnakutana kila Jumamosi, mnahesabu hela, mnakula, mnasutana kidogo, mnaondoka. Niongezeeni dakika kumi. Kila mkutano, mtu mmoja alete meseji iliyomshtua moyo wiki hiyo, yoyote: ya hela, ya dawa, ya mwanasiasa, ya mkopo, ya dini. Asimame aisome kwa sauti, mwanzo hadi mwisho, halafu simu zizimwe, mbishane. Nani ameiandika, anataka nini, kwa nini imekuja kwangu na si kwako. Asiwepo wa kuitwa mjinga siku hiyo. Anayesema "lakini mimi naiamini" apewe nafasi ya kusema mpaka amalize, kama yule jirani yetu wa inzi.

Mtasema ni kitu kidogo. Najua. Kibandani kwangu kazi yake nimeiona: meseji ukiisoma kimya ni sauti ya aliyeituma, ukiisoma kwa sauti inakuwa yako, na sauti yako unaijua inapodanganya.

Tusingoje Jumamosi ijayo. Nani ana meseji? ... Naona mikono. Wewe mama wa kitenge cha njano, wa pili kutoka mlangoni. Hapana, usinipe mimi simu. Simama hapohapo. Vijana, nyamazeni, mpeni mama nafasi. Haya, mama. Anza na namba iliyotuma, halafu soma polepole.